Uwanja wa mbele wa nyumba kuukuu: mtaji mdogo unaosahauliwa Kwamndolwa

Na Mwandishi Wetu

WAMILIKI wengi wa nyumba kuukuu wanapotaka kuuza au kupangisha huanza na bati na rangi ya vyumbani. Uwanja wa mbele huachwa mwisho, na mara nyingi huachwa kabisa. Matokeo yake ni kwamba mteja anayeletwa na dalali hukata shauri akiwa bado barabarani, kabla hajaona hata chumba kimoja.

Wiki hii ukurasa huu unaliangalia suala hilo kwa jicho la biashara, kwa kuchukua mfano wa Kwamndolwa, moja ya kata za mji wa Korogwe, mkoani Tanga. Kwamba maua yanapendeza hakuna anayebisha. Linaloulizwa hapa ni kama shilingi inayowekwa mbele ya nyumba inarudi, inarudi baada ya muda gani, na ni wakati gani isiwekwe kabisa.

Nyumba hizi zimetoka wapi

Korogwe ni mji uliokuzwa na reli na mkonge. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902. Mwaka huo huo wa 1893 ndio mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf ulipoanza kupandwa nchini. Mashamba yakapanuka, vibarua wakaja kutoka mbali, na nyumba zikajengwa kuwafuata.

Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na mwishoni mwa miaka ya 1990 yakarudi mikononi mwa watu binafsi. Katika safari hiyo ndefu watu walijenga, wakastaafu, wakafariki, na nyumba zikabaki kwa watoto. Wengi wa watoto hao sasa wanaishi Tanga mjini, Dar es Salaam au Arusha.

Nyumba ya kawaida ya aina hii inajulikana: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na ua nyuma. Kuta zake ni za tofali la kuchoma, tofali la saruji au miti na udongo uliopigwa lipu. Mbele yake pana uwanja wa udongo mtupu unaofagiliwa kila asubuhi. Ufagio huo, pamoja na mvua za miaka, huondoa udongo kidogo kidogo mpaka msingi unaonekana kama meno.

Wateja wapo. Korogwe ina chuo cha ualimu, shule za sekondari na hospitali ya Magunga. Iko kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, ambayo njia yake hupita Korogwe, ilirejea Desemba 2019. Mwalimu au muuguzi anayehamishiwa hapa hutafuta chumba ndani ya siku chache, na hana muda wa kurudi mara ya pili kwenye nyumba iliyomchukiza mara ya kwanza.

Kwa nini mteja huhukumu kwa macho

Wanaosoma uchumi wanalikumbuka somo la Mmarekani George Akerlof, aliyeandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni nyepesi. Muuzaji anaujua ubovu wa gari lake, mnunuzi haujui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hupunguza bei ili kujikinga na hatari, na hata mwenye gari zima huumia. Akerlof alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, akiwa na wenzake wawili.

Nyumba kuukuu ni kama gari hilo. Mteja haoni msingi, haoni mchwa ndani ya mbao za paa, wala hajui kama maji huingia ukumbini wakati wa masika. Anachokiona ni uwanja. Akiona majani marefu, dimbwi mbele ya baraza na matairi chakavu ukutani, husema moyoni: kama cha mbele kiko hivi, cha ndani kikoje? Hapo ndipo bei huanza kushuka.

Dalali naye ana lugha yake. Humwambia mwenye mali, "Mama, nyumba yako ni nzuri, ila mteja ameishia njiani." Mwenye mali hudhani dalali anatafuta kisingizio. Mara nyingi anasema kweli.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Viwango vifuatavyo ni vya kufanyia hesabu tu, si bei za soko. Msomaji aweke bei za fundi na duka la kwao.

Tuseme nyumba ina vyumba sita, kila kimoja kinapangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Vyumba viwili vimekaa wazi kwa kuwa wateja wanakuja na kuondoka. Mwenye nyumba anapoteza shilingi 60,000 kila mwezi, sawa na 720,000 kwa mwaka. Hasara hii haionekani kwa sababu hakuna aliyemdai wala aliyemwibia.

Sasa tuseme anatenga shilingi 480,000 kwa ajili ya uwanja wa mbele, kwa mgawanyo huu:

Kufyeka, kuzoa taka na vibarua: 60,000
Mtaro na udongo wa kujazia: 90,000
Moramu na kokoto za njia: 110,000
Chokaa, rangi na kuziba lipu ya mbele: 120,000
Miche na samadi: 40,000
Taa ya barazani na namba ya nyumba: 25,000
Akiba ya dharura: 35,000

Vyumba vyote viwili vikipata wapangaji, fedha inarudi kwa miezi 8. Kikipata kimoja tu, inarudi kwa miezi 16. Kama fedha hiyo imekopwa kwenye kikundi na itarudishwa na nyongeza ya asilimia 10, deni linakuwa 528,000, na kwa vyumba viwili linalipika kwa karibu miezi 9.

Linganisha na kuiweka fedha hiyo benki. Kwa riba ya mfano ya asilimia 8 kwa mwaka, 480,000 ingezaa 38,400. Chumba kimoja kilichokuwa wazi kikipangishwa kwa miezi miwili tu kinazidi hapo. Lakini benki haihitaji ufagio wala kumwagilia. Mwenye nyumba aihesabu kazi yake pia.

Kwa anayeuza, kipimo ni kingine. Tuseme nyumba inatarajiwa kuuzwa kwa shilingi milioni 18. Gharama ya 480,000 ni chini ya asilimia 3 ya bei hiyo. Mnunuzi aliyetaka kupunguza milioni moja na nusu kwa sababu ya "hali ya nyumba" akikubali kupunguza milioni moja tu, muuzaji amerudisha gharama zake na kubaki na 20,000. Faida ni ndogo. Ndiyo maana hatushauri kutumia mara mbili ya kiasi hicho kwa matumaini kwamba bei itapanda mara mbili. Bustani haiwezi kuitoa nyumba ya Kwamndolwa katika soko la Kwamndolwa.

Kwanza hakikisha uwanja ni wako

Hapa ndipo wengi walipoumia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Nyumba nyingi kuukuu zilizo kando ya barabara kuu zilijengwa kabla ya hapo. Baadhi ya viwanja ambavyo familia imevifagia kwa miaka 40 viko ndani ya hifadhi.

Wasomaji wanazijua alama za X za Wakala wa Barabara. Katika utaratibu uliotumika, X nyekundu iliwekwa kwa aliyemo ndani ya hifadhi ya zamani, asiyestahili fidia. X ya kijani iliwekwa kwa aliyeguswa na nyongeza ya mita 7.5, ambaye hutakiwa kufidiwa eneo lake linapochukuliwa. Mnunuzi anayejua mambo huitafuta alama hiyo ukutani kabla ya kuuliza bei. Kuipaka rangi alama hiyo ili isionekane ni udanganyifu, nayo haiondoi hifadhi.

Kwa hiyo kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji, chukua futi ya kamba upime kutoka katikati ya barabara. Kama nyumba iko karibu na njia ya treni, uliza mipaka ya hifadhi ya reli. Kama kiwanja kimepimwa, tafuta mawe ya mpaka na uyalinganishe na hati. Kama hakijapimwa, waite majirani na mwenyekiti wa mtaa mkubaliane mpaka kwa maandishi.

Ikionekana sehemu ya uwanja imo ndani ya hifadhi, usijenge ukuta hapo wala usimwage zege. Weka vitu visivyouma vikiondolewa: ukoka na maua mafupi. Fedha kubwa ibaki upande ulio wako kwa uhakika.

Maji kabla ya maua

Kosa la pili ni kuanza na miche. Mvua za masika huanza Machi na za vuli Oktoba, na nyumba isiyo na mtaro hunywa maji yote yanayotoka kwenye bati lake. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliwafundisha wengi somo hili kwa gharama kubwa.

Kanuni ya mafundi ni hii: ardhi iinamie mbali na ukuta. Kwa mita mbili za kwanza, mteremko wa sentimeta 5 kwa kila mita unatosha. Udongo usipande juu ya msingi. Acha angalau sentimeta 15 kati ya ardhi na usawa wa sakafu. Udongo uliorundikwa ukutani ili kupanda maua huwa daraja la mchwa na chanzo cha unyevu. Mteja ataviona vyote viwili mara tu akiingia chumba cha mbele.

Pale maji ya bati yanapodondokea, weka ukanda wa kokoto wenye upana wa nusu mita. Unazuia mashimo, na tope halirukii ukuta. Kisha chimba mtaro mdogo wa kuyapeleka maji kwenye mfereji wa mtaa, si kwa jirani. Ugomvi wa maji na jirani nao hupunguza bei ya nyumba.

Madimbwi yana hasara nyingine. Korogwe ni ukanda wa joto ambako malaria inajulikana vizuri. Dimbwi, tairi au ndoo iliyopasuka mbele ya nyumba ni kiwanda cha mbu. Mama mwenye mtoto mchanga anayetafuta chumba huliona hilo kabla ya kuliona ua la waridi.

Njia, baraza na ukuta

Maji yakishapata njia, mpe na mteja njia yake. Mtu anayekuja kukagua nyumba asiruke tope. Njia yenye upana wa mita moja na robo, iliyoshindiliwa moramu na kuzungushiwa mawe au tofali zilizobaki, inatosha. Matofali ya saruji ya kupanga chini yanapendeza zaidi lakini bei yake ni kubwa. Kwa nyumba ya kupangisha vyumba, moramu inakidhi haja.

Baraza ndiyo uso wa nyumba zetu. Ziba nyufa, rudishia kingo zilizokatika na piga rangi nyeusi au nyekundu sehemu ya chini ya ukuta ili tope lisionekane. Juu yake chokaa mikono miwili inatosha kwa ukuta wa zamani. Mkoa wa Tanga una bahati ya kuwa na mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji Pongwe, hivyo vifaa hivi havitoki mbali.

Angalizo: ufa mkubwa unaopita kwenye tofali si kazi ya chokaa. Mwite fundi. Anayeuficha ufa kwa maua anamrudisha mnunuzi kwenye ile hofu ya Akerlof, na ukigunduliwa siku ya pili mazungumzo yote yanavunjika.

Taa moja barazani ni sehemu ya uwanja pia. Muuguzi anayerudi zamu ya usiku huiona taa hiyo kuwa usalama, na usalama una bei yake katika kodi.

Miti na maua yanayohimili

Sasa ndiyo zamu ya miche. Kanuni ya kibiashara ni kuchagua mmea utakaoishi baada ya wewe kurudi Dar es Salaam. Bougainvilia huvumilia jua na ukame ikishashika mizizi, na huchanua muda mrefu. Mchaichai ukipandwa kando ya njia hushika udongo na wapangaji hupata chai. Asumini kidogo karibu na baraza hutoa harufu jioni. Ukoka hufunika ardhi na kupunguza vumbi.

Miche ya maua kutoka Lushoto inavutia, lakini mengi ya maua ya milimani huzoea baridi. Korogwe iko chini, kwenye joto. Ununue yale unayoyaona yakiishi kwa jirani yako bila kubembelezwa.

Kwa uzio, michongoma ni imara ingawa hukua polepole. Minyaa hukua kwa urahisi kutokana na vipande, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, hivyo haifai mahali penye watoto wengi. Milingoti mikavu ya mkonge, ile mirefu inayotoa maua mmea unapofikia mwisho wa maisha yake, hutumika kama fito za uzio wa bei nafuu. Uzio wa mbele usizidi kimo cha kifua. Mteja asipoiona nyumba, hakuna haja ya kuipamba.

Mti wa kivuli ni mali, mradi uwe mbali. Mwarobaini uliokomaa mbele ya baraza humpunguzia mpangaji joto la mchana. Mkrismasi unapendeza Desemba, lakini mizizi yake hutambaa juu juu na matawi huvunjika kwa upepo. Mkungu na jamii ya mivumo huinua sakafu. Miti hii iwe mita kadhaa kutoka ukutani, na vichaka vya maua angalau nusu mita. Kabla ya kukata mti mkubwa uliopo, uliza ofisi ya mtendaji. Mti uliokua miaka 30 haununuliwi dukani, na mara nyingi kupunguza matawi kunatosha.

Panda mvua zinapoanza ili mvua ikumwagilie bure. Anayetaka kuuza Desemba apande Oktoba, na anayetaka wapangaji wa katikati ya mwaka apande Machi. Kupanda Januari na kununua maji kwa madumu ni kuila faida kabla haijazaliwa. Ndugu zetu wa Handeni, waliozoea shida ya maji kwa miaka mingi, wanaijua hesabu hii kuliko sisi.

Nyumba yenye fremu ya duka

Baadhi ya wasomaji wamegeuza chumba cha mbele kuwa fremu. Kwao uwanja ni sehemu ya duka. Maua yasizibe kibao wala dirisha la kuuzia. Acha nafasi ya pikipiki mbili au tatu na kivuli cha kusubiria. Mteja anayesimama juani ananunua haraka na kuondoka, ila aliyekaa kivulini hukumbuka kwamba sukari nayo imekwisha nyumbani.

Mpangaji na maandishi

Je, mpangaji atumie fedha zake kwenye uwanja? Jibu ni hapana, mpaka kuwe na maandishi. Unachokipanda na kukijenga juu ya kiwanja cha mtu hubaki kwake ukiondoka. Mfanyabiashara aliyepanga nyumba nzima amwandikie mwenye nyumba barua ya heshima, aambatanishe makadirio, na waafikiane kiasi kitakachokatwa kwenye kodi ya pango. Mashahidi wawili watie saini.

Vivyo hivyo kwa nyumba ya urithi. Kaka mmoja akitoa 480,000 bila kuwashirikisha dada zake, siku ya kugawana bei kila mtu atasema hakumtuma. Kikao kikae, gharama ziandikwe, na ikubaliwe kwamba zitarudishwa kwanza kabla ya mgawo. Uwanja uliosafishwa kwa siri umewahi kuzaa kesi kubwa kuliko thamani ya maua yake.

Kuna habari njema kwa upande wa kodi ya Serikali. Utaratibu ulioanza mwaka 2021 wa kulipia kodi ya jengo kupitia umeme wa LUKU uliweka kiwango maalumu kwa aina ya jengo. Njia ya moramu na bougainvilia haviongezi kiwango hicho.

Kwa ufupi

Pima mipaka kwanza, maji yafuate, kisha njia na ukuta, maua yaje mwisho. Usitumie zaidi ya kodi ya mwaka mmoja ya vyumba vilivyo wazi. Kama vyumba vyote vimejaa na huna nia ya kuuza, fagia, ziba mashimo, na fedha yako iendeshe biashara nyingine.

Na kama unakusudia kuuza, usisubiri dalali akuletee habari mbaya. Kesho asubuhi vuka barabara, simama pale anaposimama mteja, uitazame nyumba ya baba yako kama vile huijui. Andika vitu vitatu vya kwanza vinavyokuchukiza. Hivyo ndivyo vinavyokupunguzia bei, na pengine viwili kati yake vinaondoka kwa jembe na toroli.